Siku Rhys Alipoingia Uwanjani

Enzi zetu pale Brooklyn Center, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mtoto alirudi nyumbani magoti yamejaa rangi ya majani, akafokewa na mama kabla ya salamu. Wenzetu walicheza besiboli. Sisi Watanzania na Wakenya wa mtaa ule tulicheza raga, na wa kulaumiwa ni jirani yetu Rhys, kijana wa Wales aliyeletwa Minnesota na kazi ya baba yake. Yeye ndiye aliyetufundisha kupasi mpira kwa nyuma na kukaba miguuni. Kwetu alikuwa kama mtoto wa nyumbani.

"Huyu atanimalizia unga," mama alilalamika, huku akimwekea chapati nyingine.

Alipomaliza shule, timu ya kulipwa huko kwao ikamchukua. Tulitembea vifua mbele, utadhani tumechukuliwa sisi! Mara bega likatenguka mazoezini, hata mechi moja hajacheza. Akampigia mama simu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mama, mimi narudi. Raga basi."

"Unarudi wapi? Bega linapona. Kula, lala, ufanye mazoezi. Ukija huku bila kucheza, chapati hupati!"

Akacheka. Akabaki.

Msimu uliofuata, Jumamosi moja asubuhi, theluji imefika madirishani, tulijazana mbele ya kompyuta ya baba, intaneti ikijikongoja. Mechi inakaribia kwisha ndipo Rhys akaingia. Akapewa mpira pembeni, akamkwepa wa kwanza, akamkwepa wa pili, halafu picha ikaganda!

"Usiguse kitu!" baba alifoka. Mama alikuwa ameshika kichwa.

Picha iliporudi, Rhys alikuwa chini, kalalia mpira ng'ambo ya mstari, wenzake wakimrukia. Trai, pointi tano! Mama akapiga vigelegele, baba akakimbilia nje kwenye theluji na soksi tu miguuni, sisi nyuma yake tukipiga mayowe mpaka majirani wakafungua milango.

Siku hizi wanangu hapa Maple Grove wanaangalia mechi kila mtu chumbani kwake, na simu yake, masikio yameziba. Nikiuliza nani kashinda, wananijibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho, "We did, Mom." Wameshinda, na nyumba nzima iko kimya.