Bahari ya Upande Mwingine

Betri za redio zikikaa juani hutoa harufu ya chuma kilichoshikwa na mkono wenye jasho. Mpaka leo nikiinusa najua ni mchana, nimetoka shule, na nina njaa. Kwetu Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, mama alianika betri juu ya bati tangu asubuhi, kando ya mahindi, ili zipate nguvu kidogo ya siku moja. Nilipofika nilikuta zimesharudi ndani ya redio, bukari, ugali wetu, imefunikwa kwa sahani, na hakuna aliyeruhusiwa kula. Kwanza tulisikiliza bahari.

Lubumbashi hakuna bahari. Kutoka kwetu hadi pwani yoyote ni siku nyingi za lori. Lakini msimu ule wa mvua, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, nyumba yetu iliishi kwa hali ya bahari zaidi kuliko kwa mvua iliyotupigia bati. Kaka yangu mkubwa, niliyemwita yaya Mwansa, alikuwa ameondoka na malori ya shaba hadi Dar es Salaam, na huko akapata kazi kwenye meli ndogo iliyopeleka saruji na mchele Msumbiji na Komoro. Alipiga simu mara moja tu, kwa jirani. Alisema anatapika kila siku, lakini anakula samaki mpaka amewachoka. Mama alicheka. Kisha akamrudishia jirani simu yake na kukaa chini kwenye udongo, akiwa amevaa kitenge chake cha kanisa.

Ni jirani huyo aliyemwambia kwamba kuna redio ya ng'ambo ambayo, baada ya habari za mchana, inatangaza upepo na mawimbi. Ilitangaza kwa Kifaransa, na mama hakujua Kifaransa. Mimi nilikuwa mwaka wa tano wa shule ya msingi, nikawa masikio yake. Mwanamke wa redioni alisoma bila haraka, kama mtu anayesoma majina ya wanafunzi: upepo wa kaskazini-mashariki, nguvu yake, urefu wa mawimbi, bahari imetulia, bahari imechafuka. Mama alitaka niandike kila siku katika daftari, na siku ya juma juu yake, ingawa yeye mwenyewe hakuweza kusoma.

"Bahari iko namna gani?" aliniuliza.

"Iko inakasirika kidogo, mama."

"Kidogo ya namna gani? Ya kutapika ao ya kufa?"

"Ya kutapika."

Hapo aliinuka na kufunika maji yote ya nyumbani. Ndoo, beseni, sufuria ya maji ya kunywa, kila kimoja kilipata kitambaa chake. Siku ya bahari mbaya hatukufua wala kuoga, na maji ya kunywa tuliyachota kwa kikombe kidogo, polepole, yasitikisike. Sijui aliipata wapi desturi hiyo. Wazee wake walitoka Lukafu, watu wa mashamba, na hakuna aliyemfundisha mambo ya meli. Nadhani aliitunga mwenyewe kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Jirani alikuwa akimtania juu ya ukuta: "Mama Mwansa, leo tena hamuogi? Ile bahari yenu itatuua na harufu." Mama alimjibu, "Funika pua yako, mie nafunika mayi yangu."

Katikati ya msimu ule mwalimu alitundika ubaoni ramani mpya ya Afrika. Wakati wa mapumziko nilibaki ndani peke yangu kutafuta bahari ya yaya. Lubumbashi niliiona chini, katikati ya nchi kavu. Dar es Salaam, Msumbiji na Komoro niliziona upande wa kulia. Kisha nikatafuta majina aliyoyasoma yule mwanamke kila mchana, majina niliyoyaandika mpaka nikayajua kwa moyo: Dakar, Abijani, Ghuba ya Gine. Yote yalikuwa upande wa kushoto. Nilipima kwa vidole, nikarudia kupima. Kati ya bahari tuliyoisikiliza na bahari aliyomo yaya kulikuwa na bara zima, na sisi tulikuwa ndani yake. Sisi tulidhani bahari ni moja, kama mvua inavyokuwa moja kwa kijiji kizima.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na neno mdomoni. Redio ikasema bahari imelala. Mama akafunua ndoo zote, akafua kitenge chake huku akiimba, akaniogesha kichwa kama mtoto mdogo. Sikusema. Kesho yake sikusema pia. Niliendelea kusikiliza na kuandika, nikijua ninachoandika.

Wiki mbili baadaye, simu ya jirani ikalia. Mtu wa Dar es Salaam aliyefanya kazi na yaya alisema dhoruba kubwa iliikuta meli yao karibu na Komoro, siku ya Alhamisi, na hakuna aliyepatikana. Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yangu, alifika kabla ya jua kuzama. Wanawake wakaja na mikeka, vijana wakaleta kuni za moto wa kilio. Mama alisimama mlangoni, akauliza jambo moja tu.

"Ilikuwa siku gani?"

"Siku ya ine," baba mdogo alisema. Kwetu ndiyo Alhamisi.

Mama akaniita. "Leta kaye. Soma siku ya ine mbele ya bantu."

Nilifungua daftari, nikasoma. Upepo dhaifu. Bahari imetulia.

"Munasikia?" mama alisema. "Mayi ilikuwa yenye kulala. Mutoto wangu hakukufa ndani ya mayi yenye kulala. Sasa munalia nani? Beba mikeka yenu."

Baba mdogo alinitazama kana kwamba anangoja niseme kitu. Daftari lilikuwa mikononi mwangu, na nilijua ni la bahari nyingine. Nililifunga. Watu wakakunja mikeka, kuni zikarudi zilikotoka, na yaya Mwansa hakuliliwa hata siku moja. Sikumuua mimi, dhoruba ndiyo iliyomuua. Lakini kilio chake nilikizuia mimi, na sina mtu wa kumsukumia jambo hilo.

Mama alisikiliza redio miaka yote iliyofuata. Niliolewa, nikapata watoto, na bado mchana nilipomtembelea aliniwekea kiti karibu na redio. Nilimsomea bahari ya Dakar kwa ajili ya mtu aliyezama Komoro. Kila mara nilijiambia nitasema nikirudi tena. Mwaka huu, baada ya mvua za kwanza, mama alifariki, na mikeka ikaja tena katika uwanja ule ule. Baba mdogo, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, aliposimama kumtaja marehemu, nilimwomba ataje majina mawili. Akauliza kwa nini. Nikamweleza ramani.

"Ulijua?" akasema.

"Nilijua, papa."

Aliwageukia watu. Kisha akataja jina la mama, akataja na la Mwansa, na wale wanawake wazee waliofukuzwa zamani na mikeka yao wakaanza kumlilia kijana wa watu aliyewangoja miaka yote hiyo.

Siku hizi hakuna haja ya kuanika betri. Simu yangu inanionyesha upepo wa bahari yoyote, kwa rangi, na naweza kuitazama Komoro kutoka jikoni kwangu hapa Kasungami. Juzi upande ule ulikuwa mwekundu wote, rangi ya dhoruba. Niliweka simu chini, nikachukua kitambaa, nikafunika ndoo. Binti yangu, ambaye ana miaka kumi na mmoja, akaniuliza maji yamefanya nini. Nikamketisha kwenye kiti cha mama, nikaanza kumwambia, tangu ile ramani.