Kufuli na Mbegu za Hoho

Baba mkwe wangu alitunza stoo ya hospitali kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu alirudi na kazi yake nyumbani. Kule stoo alihesabu shuka, ndoo na sabuni asubuhi, akazihesabu tena jioni, na kila aliyesogelea dirisha lake alimwona mwizi. Wenzake walimbandika jina la Kufuli, naye akalipenda. Mimi niliyeolewa na mwanawe na kuishi naye nyumba moja nilikuwa na neno la kusema kuhusu tabia hiyo, ila nililimeza. Mtu ukikuta chupa yako ya mafuta ya kupikia imechorwa mstari wa kalamu kuonyesha yalipofikia, utasema nini?

Nyuma ya nyumba kulikuwa na bustani ndogo, na ndani ya bustani kulikuwa na pilipili hoho. Hizi hazikuwa hoho za sokoni. Zilikuwa za njano, nene, zenye mikunjo mabegani, tamu kiasi kwamba tulizila mbichi kama matunda. Marehemu mama mkwe alikuja na mbegu zake siku alipoolewa, akazitunza mwaka hadi mwaka mpaka alipofariki. Baba akazirithi.

"Hiki ndicho kitu pekee cha mama yenu ambacho bado kinaota," alituambia, na siku hiyo hata mimi nilimwonea huruma.

Kila msimu alichagua tunda moja lililoiva vizuri, akatoa mbegu, akazianika kivulini juu ya sahani. Zikikauka alizitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika tarehe na idadi, akasaini, akaifungia ndani ya kasha la bati lenye kufuli. Ufunguo ulilala shingoni mwake. Mbegu zilizobaki za mwaka uliopita alizichoma, kwa sababu kule stoo mali iliyopitwa na wakati huteketezwa mbele ya shahidi. Shahidi nilikuwa mimi. Nilisimama karibu na jiko la mkaa nikatia saini kwenye daftari, huku chakula changu kikingoja moto.

Mwaka juzi tunda moja lilitoweka. Baba alizihesabu hoho jioni zikawa kumi na moja, asubuhi akakuta kumi. Baba alianzia jikoni kwangu, akafunua sufuria moja moja. Alipokosa kitu alikwenda kusimama kwenye uzio, akautazama ua wa jirani yetu, mkunga mstaafu anayeishi peke yake.

"Yule mama ana mkono mrefu," alisema.

"Baba, yule amezalisha nusu ya mtaa huu."

"Ndiyo maana. Kila nyumba anaijua mlango wa nyuma."

Hakuwa na ushahidi, kwa hiyo msimu uliofuata alipanda pilipili kali kuufuata uzio mzima, bega kwa bega na hoho zake. Alisema mwizi akipitisha mkono atachuma moto, na akijipangusa macho atamkumbuka Kufuli. Zikastawi, zikachanua, nyuki wakajaa. Baba alikuwa akisimama pale na chai yake ya asubuhi, roho kwatu. Msimu ule akachukua mbegu kutoka tunda kubwa kuliko yote, lililokuwa karibu kabisa na uzio. Za nyuma tukazichoma, nikasaini.

Mwaka huu alizisia kwenye maboksi ya maziwa yaliyokatwa, udongo ameuchekecha kwa mkono. Zilichipua siku ya kumi na mbili. Miche ilipofikisha majani sita akaihamishia bustanini, viwavi wakaikata karibu yote, ikabaki minne. Hiyo minne aliilinda kama watoto wachanga. Lakini matunda yalipotoka nilimwona anainama, anatazama, anaondoka, anarudi. Yalikuwa membamba, yamechongoka ncha. Akaanza kunitazama mimi.

La kwanza lilipogeuka njano alituita wote wawili, mume wangu na mimi. Ilikuwa desturi yake: tunda la kwanza analiuma mwenyewe, mbichi, mbele yetu, kisha anasema, "Mama yenu yupo." Safari hii aliuma, akatafuna mara mbili. Machozi yakamtoka. Nilidhani ni ya huzuni mpaka nilipomwona anatema na kuhema mdomo wazi.

Alionja la mche wa pili, wa tatu, wa nne. Yote yaliwaka. Kisha akanigeukia.

"Nani alifungua bati langu?"

"Ufunguo si unao shingoni, Baba?"

"Wewe ndiye unayepanguza ile rafu ninapoliweka. Umezibadilisha mbegu. Tangu siku ile ya sufuria una kinyongo na mimi."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anachunguza viatu vyake. Niliumia, sitaficha. Miaka saba namfulia mzee huyu, namchemshia maji ya kuoga, na leo mimi ndiye niliyemuua mama mkwe mara ya pili. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, na sauti ikavuka uzio.

Mkunga akatokea upande wa pili, kitambaa kichwani.

"Jirani, mwache binti wa watu," alisema. "Hoho ukizipanda ubavuni mwa pilipili kali, nyuki anapita huku na huku na vumbi la maua. Tunda lenyewe linabaki tamu, ila mbegu zake zinabeba ukali. Umeziharibu mwenyewe kwa huo mtego wako."

Baba alitazama ule mstari wa pilipili kali, akatazama miche minne. Midomo yake ilikuwa imevimba.

"Basi zimekwisha," alisema. "Za zamani nilizichoma."

Mkunga aligeukia mlango wake. Aliingia ndani, akarudi ameshika karatasi iliyokunjwa.

"Ile ya mwaka juzi niliichuma mimi. Ilikuwa imeinamia kwangu, nikashindwa kujizuia. Mbegu nilizikausha nizipande, lakini ningezipandia wapi? Ungezijua kwa kuziona tu."

Nilisubiri kishindo. Mzee wetu alikuwa amemkamata mwizi wake, na mwizi amekiri mbele ya mashahidi wawili. Alipokea ile karatasi, akaifunua, akahesabu kwa ncha ya kidole. Ishirini na sita. Alihesabu tena.

"Asante, dada," alisema. Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo upande ule wa uzio.

Mchana huo aling'oa pilipili kali zote, shina kwa shina. Kisha akaja jikoni, akasimama mlangoni. Alimimina mbegu kumi na tatu kwenye kiganja changu.

"Hizi weka wewe, mwanangu," alisema. "Na usiniambie umeziweka wapi."