Kandambili za Mke wa Fundi Bomba

"Bibi, niandike nini?" aliuliza mjukuu aliyeshika kalamu, mara ya tatu sasa. "Kesho makaburini nisome kwamba babu alikuwa mume mwema na baba mwema? Kila marehemu husomewa hivyo."

Tangu mzee afariki juzi, mwili wa Bibi ulikuwa kama wa kuazima. Aliambiwa akae, akakaa. Akaambiwa anywe chai, akanywa. Chozi halikutoka.

"Andika wizi wake wa kandambili!" alisema binti mkubwa, na chumba kizima kikacheka.

Ni kweli, katika ufundi bomba wake wote mzee hakununua vipira vya dukani. Bomba la mtu likivuja, alinyakua kandambili iliyo karibu, akakata kiduara kisiginoni, akaziba. Watoto hadi wajukuu walitembea na matundu. Ukilalamika, alikujibu, "Mguu nao unataka dirisha."

Bibi akaitazama miguu yake. Kandambili zake zilikuwa nzima. Akazikumbuka za kabla ya hizo, na zile za nyumba ya kupanga, watoto wakiwa wachanga. Miaka arobaini na sita ya ndoa, zote zilichakaa zenyewe.

"Zangu hakuzigusa hata siku moja," alisema taratibu, kama anayetoa habari za watu wengine. "Andika hilo."

Mjukuu akaandika. "Na lingine, Bibi?"

"Basi. Nipe chai yangu."

Ilikuwa imeshapoa. Akainywa.