Karatasi Aliyoitia Dole Shangazi

Baba alifanya kazi ughaibuni miaka mingi, akarudi Mji wa Kale na pensheni ya huko. Juu ya pensheni walimwongezea kitu kwa kila mtoto anayemtegemea na ambaye bado yuko shule. Nilikuwa nimebaki mimi tu, na karo yangu kule Tononoka ilitoka humo.

Lakini nililelewa na shangazi, dada yake Baba. Hakujaaliwa mtoto, basi nilipoachishwa ziwa akapewa mimi, kama ilivyo desturi yetu. Alikaa kichochoro cha pili, na yeye ndiye niliyemwita Mama. Gharama zangu zote zilibaki kwa Baba.

Kila mwaka ilikuja fomu ya Kiingereza. Nilipoingia kidato cha tatu Baba aliniachia niijaze, nami kwa kimbelembele changu, pale walipouliza mtoto anaishi na nani, nikaandika kwa hati nzuri: na shangazi yake, aliyepewa mtoto huyu na babake. Nyongeza ikakatwa. Mtoto aliyetolewa, barua ilisema, si wa kumtegemea baba tena. Ili kuirudisha walitaka kiapo cha shangazi.

"Ni karatasi tu, dadangu," Baba alimwambia mbele ya wakili. "Wale hawajui mambo yetu."

Mama hakujua Kiingereza. "Nisomea wewe," akaniambia, "na usiruke neno."

Nikamfasiria: sina mtoto, huyu ni mtoto wa kaka yangu, sijapata kuwa mama yake. Nilitamani akatae, na niliogopa asije akakataa kweli.

"Si urongo," alisema. "Sikukuzaa." Akatia dole gumba, akajifuta wino kwa pembe ya leso.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hivyo ndivyo tunavyosema sote, mpaka karo idaiwe. Nyongeza ilirudi, nikamaliza shule. Niliendelea kumwita Mama, naye aliitika, lakini kuniita mwanangu aliacha siku ile ile. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilijiambia ipo siku.

Mwaka jana alifariki. Mwosha maiti alitoka chumbani akauliza, "Marehemu yuna binti? Naaingie tumwoshe."

Wanawake wote wakanitazama. Niliona haya hata kuinua macho.

"Mimi ni mwana wa kakake," nikasema, na mwosha akarudi ndani peke yake.