Mtoto Aliyekua kwenye Kadi

Ipo siku moja ya kliniki, mwanangu, ambayo sijawahi kuisimulia yote. Nusu nilimwambia marehemu mume wangu, nusu nikaimeza. Leo umekuja kuniaga, unakwenda kuanza uuguzi huko Ngarambe, una viatu vipya na simu ya kujazia takwimu iko mkononi. Kaa hapo. Viatu havitachakaa kwa kumsikiliza shangazi yako.

Nilikuwa na umri kama wako, mhudumu wa afya kwenye zahanati moja ya delta, mbele ya Maparoni. Jina la kijiji silitaji, wenyewe wapo na wanajijua. Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba ruksa, maduka ya dawa yanafunguliwa mpaka kwenye vibanda vya samaki, na sisi watumishi, ambao mshahara ulikuwa unakuja unapojisikia, kila mmoja alikuwa na kibiashara chake pembeni. Bwana mganga, mkuu wetu, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Mimi nilikuwa na mitumba. Nikipata upenyo tu nimo kwenye boti hadi Nyamisati, nadandia lori hadi Kibiti kufuata magauni. Na nilikuwa mrembo, usinicheke. Magauni nilikuwa nayavaa kwanza mimi, ndipo wateja wayaone.

Kazi yangu hasa ilikuwa kupima watoto. Mizani ilikuwa ile ya kuning'iniza kwenye boriti, yenye ndoano, na kisuruali cha kumvalisha mtoto. Unamning'iniza, unasoma mshale, unaweka nukta kwenye kadi yake. Kadi zilikuwa na rangi: nukta ikiwa kwenye kijani mtoto mzima, kwenye kijivu ana walakini, kwenye nyekundu mkimbize. Mama asiyejua hata a alijua rangi zile.

Sasa kwetu kule, mpunga ukishaota, watu wanahama kijijini. Wanakwenda kukaa kwenye madungu, vibanda vya juu ya miti katikati ya mashamba, kulinda ndege na nguruwe, hadi mavuno. Mama hawezi kuacha shamba siku nzima kuleta mtoto kliniki, akirudi atakuta mabua. Kwa hiyo ilikuwa juu yangu kupanda mtumbwi mara moja kwa mwezi, na mizani mapajani, kuwafuata dungu kwa dungu. Matope hadi magotini. Na mwezi wa kwanza wa msimu ule nilikuwa na magauni yangu ya kufuata Kibiti.

Basi nikamwambia mjumbe wao, Mzee Mkumba, anikusanyie kadi zote kwenye mkoba aniletee. Nikakaa barazani na kalamu. Huyu mwezi uliopita alikuwa na kilo saba, nikampa saba na nusu. Yule naye nikampandisha kidogo. Kadi thelathini na kitu nikazimaliza kabla chai haijapoa, zote kijani, Mzee Mkumba akazirudisha. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Mwezi wa tatu sikuhitaji hata kumwagiza, alikuja mwenyewe.

Utaniuliza, ina maana kina mama hawakushangaa? Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Wewe umesomea mjini, huyajui haya. Kwetu, mgonjwa akiwa hawezi kusafiri, nguo yake ndiyo inayopelekwa kwa mtazamiaji, naye anapiga ramli juu ya nguo na kusema ugonjwa. Wale kina mama walipoona kadi zinachukuliwa, wakaona ni mambo yale yale. Mzee Mkumba ndiye aliyeniambia, tena kwa kunisifu: usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kadi walikuwa wanazilaza chini ya watoto, ili kadi imshike mtoto vizuri, nesi akiisoma apate uzito. Nilicheka hadi machozi. Nilicheka, na sikumwambia kwamba sivyo. Ilinifaa.

Siku ninayoisema, mavuno yalikuwa yamekwisha na watu wamerudi kijijini. Ilikuwa asubuhi kweupe, jua limeshachoma. Baraza limejaa, watoto wanalia, mimi naita majina. Mara makelele yakaanza kupungua kutoka mwisho wa foleni, yakaja yanapungua kuelekea kwangu, hadi nikasikia ndoano ya mizani inavyolia ikipigwa na upepo. Hata watoto walinyamaza. Watoto kwa nini walinyamaza, mpaka leo sijui.

Alikuwa Mwanahawa, mwanamke wa rika langu, mwenye binti mmoja tu anaitwa Tatu. Kanga ya mbeleko ameikaza kifuani, mgongo ameuinamisha kama tunavyoinama wote tukibeba. Kina mama walimpisha bila kuambiwa, akaja moja kwa moja mbele. Kumpisha mtu kwenye foleni ya kliniki si jambo la kawaida, wewe mwenyewe utaona. Akanipa kadi. Nukta za Tatu zilikuwa zimepanda vizuri kabisa, kijani tupu.

"Mtoe tumpime," nikasema.

Akafungua kanga polepole, mkono mmoja nyuma, kwa uangalifu ule wa kutomwamsha aliyelala. Kanga ikafunguka yote. Hamkuwa na mtu. Wallahi, mwanangu, niliangalia chini, nikidhani mtoto kaanguka.

Mwanahawa akachukua kisuruali cha mizani, akakitandaza mapajani, akakifunga kamba zake zote mbili, akakining'iniza kwenye ndoano. Akaweka viganja chini yake, kama tunavyowashika miguu wasirushe. "Tulia mama, unashuka sasa hivi," akakiambia. Kisha akanigeukia. "Nesi, soma."

Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Nikaishika kadi na kalamu yangu nikawa sijui niandike wapi, maana kadi ile inaanzia kilo mbili. Jirani yake akaniinamia sikioni. "Tatu tulimzika kule kule mashambani," akaninong'oneza. "Mpunga ulikuwa unachanua."

Nikaitazama kadi tena. Tangu mpunga uchanue ilikuwa imepita miezi miwili. Nukta mbili za mwisho, na zote kwa mkono wangu, niliziweka mtoto akiwa ardhini.

Mwanahawa alizungumza bila kupaza sauti, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi. "Tulipomzika nilikuwa na kadi yake. Siku ya kadi ilipofika nikaona nisiibague, nikampa Mzee Mkumba. Ikarudi, mwanangu kaongezeka. Mwezi uliofuata nikaipeleka tena, kaongezeka tena. Nikasema, kumbe yuko kwa nesi, anakua. Nimekuja kumchukua."

Nilichofanya hapo ndicho ambacho sikumwambia mume wangu. Nilidanganya tena. Nilimwambia nimechanganya kadi, uzito ule ulikuwa wa mtoto mwingine. Akatikisa kichwa, akakubali. Halafu akaichukua kadi, akaanza mwanzo wa foleni, mama mmoja mmoja. "Kilo hizi ni za wako?" Hapana. "Ni za wako?" Hapana. Alikwenda hadi wa mwisho. Nyuma yake, kila aliyeulizwa alitoa kadi ya mwanawe kwenye pindo la kanga akaitazama, kisha akamtazama mtoto mwenyewe, kisha kadi. Yupo mmoja alimvua mwanawe fulana palepale akamhesabu mbavu kwa kidole. Wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyenitukana, na mimi ningetamani wanitukane.

Siku ya kliniki iliyofuata hakuja mtu. Nilikaa tangu saa mbili hadi saa nane na kisuruali kile kinazunguka peke yake kwenye ndoano. Nikakivua nikakiweka ndani, nikarudi kukaa, nikajiona bado nakitazama pale kilipokuwa. Bwana mganga aliniambia niiombe kadi ile kwa namna yoyote tuichome. "Watarudi tu, wana pa kwenda?" akasema. Walikuwa napo. Duka la dawa lilikuwa hapo gatini, na kuna kijana alikuwa anapita na sindano mkobani, anachoma yeyote kwa ugonjwa wowote. Sisi tulikuwa na chanjo kwenye jokofu la mafuta ya taa, na kijiji cha pili kilikuwa kimeingiliwa na surua. Watoto wa pale walikuwa wanaanza kufa. Nikapiga hesabu ya siku ambazo mtumbwi unachukua kutoka kule hadi kwetu, nikaona zimekwisha.

Nikaenda kwa Mwanahawa. Nilimkuta uani anatwanga, na kanga bado ameifunga mgongoni. Nikakaa chini kwenye pumba. Nikamwambia yote: sikupanda mtumbwi, sikumpima Tatu hata mara moja msimu ule, niliandika nikiwa barazani, akili yangu iko kwenye magauni.

Hakuacha kutwanga. "Nilimwona anakonda," akasema. "Nikamwambia mume wangu, mtoto huyu mwepesi, tumpeleke. Akaniambia lete kadi. Tukaiangalia, kijani. Nikasema mimi nani, nesi ameandika. Nikamlaza." Akatwanga mara mbili tatu. "Macho yangu yalikuwa yananiambia, nesi. Nikayakataza."

Nililia. Sikuona haya kulia mbele yake, na yeye hakunibembeleza. Aliniambia kitu kimoja tu, niende nikayaseme yale mbele ya wenzake. Nikasema nitasema.

Kesho yake asubuhi kisimani niliyasema. Bibi mmoja mtu mzima alinisikiliza hadi mwisho, akajitwisha ndoo yake. "Sasa hata mtazamiaji," akasema, "nguo ya mgonjwa angalau anaishika." Akaenda zake. Nimeandikiwa barua za onyo kazini, bwana mganga alihakikisha hilo, lakini barua zote zile sikumbuki hata moja ilisemaje.

Hawakurudi kwa ajili yangu. Walirudi kwa sababu Mwanahawa alipita nyumba hadi nyumba akawaambia atasimama yeye kwenye mizani. Nikamfundisha tarakimu kwa mkaa ukutani, akazishika kwa siku nne. Siku ya kliniki akawa anasimama karibu na mshale anasoma kwa sauti, mama mwenyewe asikie, ndipo mimi niandike. Chanjo zote tukawa tumeshawachoma watoto kabla mtumbwi wa kwanza wenye mgonjwa wa surua haujatia nanga. Kwa watoto wawili surua ilituwahi, tukawazika. Majina yao ninayo na sikutajii.

Na kila kliniki, foleni ikiisha, Mwanahawa alifungua kanga yake, akatandaza kisuruali, akakifunga kamba, akakining'iniza. Wale kina mama waliokwisha kupimiwa walikuwa wamekaa wanamsubiri, hakuna aliyetangulia nyumbani. "Nesi, soma," ananiambia. Nami nasoma kwa sauti: sifuri. Anakishusha kwa mikono miwili, anafunga kanga mgongoni, anaondoka ameinama. Nimelisoma neno lile miaka miwili, hadi nilipohamishiwa Kibiti. Hakuniambia kama amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza.

Sasa nisikilize, maana boda boda yako imeshafika na inapiga honi kama haina adabu. Usiandike mtu ambaye hujamgusa. Ukishindwa kufika kwake, iwe mvua, iwe uchovu, iwe uvivu wako tu, andika sikufika. Wakubwa watakufokea, na kufokewa kunakwisha. Mama akikuambia mwanangu ana kitu, weka hicho kisimu chini umwangalie mtoto, kwa sababu mama huyo amemwangalia tangu alfajiri na wewe una dakika tatu. Ukimnyamazisha leo, kesho atajinyamazisha mwenyewe akiwa peke yake na mtoto anaungua homa. Watu wanatuamini kuliko tunavyostahili, mwanangu. Wanatuamini kuliko macho yao. Usiwacheke kwa hilo kama nilivyowacheka mimi.

Haya, inama nikushike kichwa. Mungu akufikishe Ngarambe salama, akupe afya na kauli nzuri, aitie baraka mikono yako. Na kila mama atakayekukabidhi mtoto, akujaalie umrudishie mtoto wake mkononi.