Sabela, mwashi aliyelirudishia kanisa la Outarelo dari lake

Mvua imekuwa ikinyesha tangu juzi, lakini katika kanisa la Outarelo, huku vilimani Galisia, hakuna anayeijali. Ni saa tatu asubuhi. Sabela Outeiriño yuko juu ya jukwaa, mita tisa kutoka sakafuni, sikio lake likiwa limegusa jiwe. Anagonga mara mbili kwa mpini wa nyundo, anasikiliza, kisha anahamia jiwe la pili.

"Fundi, mawe yamekujibu au bado yanakutafakari?" Eladio, fundi seremala, anampigia kelele kutoka chini.

"Yamesema seremala anyamaze!"

Watu kama sitini waliozuiwa kwa kamba mlangoni wanacheka, ingawa kicheko chenyewe kina wasiwasi ndani yake. Leo mbao zinaondolewa. Kwa miezi saba kiunzi alichokijenga Eladio kimelibeba dari jipya la mawe. Kikishushwa, dari litajibeba lenyewe, au litashuka lote na kazi ya miaka miwili.

Sabela, mwenye miaka 54, ni mwashi wa mawe magumu ya itale. Ufundi aliuchukua kwa baba yake, ambaye hakutaka kumfundisha. "Alisema mikono ya msichana itaharibika," anasema, huku akivikunjua viganja vyake vyenye sugu. "Basi imeharibika, na bado nakula kwayo." Kazi hii inampa euro 1,450 kwa mwezi. Kabla yake aliishi kwa kuchonga mawe ya makaburi na masinki ya jikoni.

Dari la zamani liliporomoka miaka mitatu iliyopita, Jumanne moja ambapo kanisa lilikuwa tupu. Aliyeligundua ni Casilda, mjane wa miaka 70 anayetunza funguo. "Nilifungua mlango nikaona mawingu," anakumbuka. "Nikaufunga tena, nikadhani nimechanganyikiwa."

Maafa hayo yalimgusa Casilda kuliko wengi, kwa sababu wiki hiyohiyo alikuwa amekubali posa ya Eladio seremala, mgane aliyefiwa na mkewe. Padri aliwashauri wakafungie ndoa parokia ya jirani. Bibi arusi akakataa katakata. "Nimebatizwa hapa na mume wangu wa kwanza nimemzikia hapa. Siendi kuolewa ugenini kama mtoro."

Kwa hiyo wakangoja. Kila mtu kijijini alijua wanangoja nini, na kila Jumapili kulikuwa na mtu wa kumuuliza Eladio kama suti bado inamtosha.

Mkutano wa kwanza wa matengenezo nusura umalize hadithi. Mhandisi Uxía Barreiro, mwanamke kijana kutoka mjini, alipendekeza paa la chuma lenye mbao chini yake. Lingekuwa jepesi na la haraka. Wengi waliafiki. Sabela akasimama nyuma kabisa.

"Mwanangu, hilo ni paa la ghala la viazi."

"Mama, sikatai mawe," Uxía alijibu. "Nionyeshe tu kwamba kuta hizi zitayabeba. Mara ya mwisho hazikuyabeba."

Sabela akamshika mkono na kumtoa nje, mkutano mzima ukiwafuata kwenye matope.

Alianzia upande wa mashariki, nyuma ya altare, ambako ndiko kukongwe zaidi. Kuta ni nene kuliko urefu wa mkono wa mtu, matao ni ya duara, na madirisha ni matundu membamba tu. "Wajenzi hawa ni wa miaka mia tisa iliyopita," alimwambia. "Tao la duara husukuma ukuta nje. Wakajua hilo, wakaweka mawe mengi, mwanga wakaukosa. Ukiingia humo ni kama pango, lakini halijatikisika hata siku moja."

Hatua ishirini mbele, ukuta ulibadilika. Hapo wajukuu wa wajukuu wao walichongoa matao juu. Tao likichongoka, Sabela alieleza, mzigo hukimbilia chini zaidi kuliko pembeni; nao msukumo uliobaki waliupokea kwa nguzo za kuegemeza zilizojengwa nje. Ukuta ukapumzika. Wakatoboa madirisha marefu, jua likaingia kanisani.

Mlango wa kusini una nguzo mbili zinazolingana kama mapacha, kazi ya fundi wa baadaye aliyependa kipimo na mizani na kuiga majengo ya Warumi wa kale. "Huyu alikuwa na rula mfukoni," Casilda alitia neno, watu wakacheka.

Halafu wakafika mbele, penye sura ambayo wageni huipiga picha: mawe yaliyojikunja kama maganda ya tufaha, makombe ya baharini, malaika wenye mashavu ya kushiba. Huo ni mtindo wa Baroki, wa karne tatu zilizopita, watu walipotaka kanisa liimbe hata likiwa limefungwa.

"Mimi nawapenda wajenzi hawa," Sabela alisema. "Ila njoo uone walichofanya."

Kwenye kona, nyuma ya ngazi nzuri ya kupandia mnarani, palikuwa na kovu ukutani. Wajenzi wa ngazi walikuwa wameikata nguzo moja ya kuegemeza ili kupata nafasi. Dari lilivumilia miaka mia tatu likiwa na mguu mmoja pungufu, mpaka maji yalipopenya na kulainisha chokaa.

Uxía alichuchumaa kwenye matope, akapima kovu hilo, akapima tena. Alipoinuka alisema neno moja tu: "Nguzo."

"Nguzo," Sabela aliitikia. Walichora wote wawili mpango mpya, wa kuirudisha nguzo iliyokatwa na kujenga tena dari la mawe, juu ya meza ya jikoni kwa Casilda, kwa supu ya kabeji.

Kazi haikwenda kama maji. Jiwe la kufungia, lile linaloshika matao yote katikati, Sabela alilichonga wiki tano. Walipolijaribu, pembe moja ilikuwa imekosea kwa upana wa kidole. "Nililia," anasema bila aibu. "Kisha nikachukua tindo, nikaanza jingine." Jiwe lililokosea sasa ni kiti cha Eladio cha kuvutia sigara.

Na leo ndiyo leo. Eladio anaanza kulegeza kabari zilizo chini ya kiunzi, moja huku, moja kule, kwa zamu anayotajiwa na Sabela. Kwenye viungo vya mawe Uxía amebandika vipande vyembamba vya kioo. Dari likisogea, kioo kitapasuka.

Kabari ya sita inatoka. Kioo kimoja kinalia: tik.

Eladio anabaki na nyundo hewani. Uxía anapima, midomo yake ikihesabu. "Milimita mbili," anasema.

"Nilitegemea nne," Sabela anajibu. "Linakaa kitako tu. Endelea, seremala."

Inapotoka kabari ya mwisho, mbao zinashuka upana wa kiganja, na kati yake na mawe kunaonekana mwanga. Dari limebaki juu. Kisha Casilda anaivuka kamba, anakimbia kadiri magoti yanavyomruhusu, anamkumbatia Sabela aliyeshuka ngazi, halafu anamgeukia mchumba wake. "Na wewe, kaipige pasi hiyo suti!"

Ndoa ilifungwa baada ya majuma mawili, kwa zumari, pweza wa kuchemshwa na divai ya kijiji. Bwana arusi alilia kuliko bibi arusi.

Sabela sasa ana mchoro mwingine: baraza la mbele, ili watu wasisimame mvuani wakisubiri misa. Wapo wanaotaka matao ya duara, wapo wanaotaka ya kuchongoka. Yeye amechora mabamba mapana ya itale yaliyokaa juu ya nguzo nyembamba, bila ua wala malaika.

"Wote waliopita hapa walijenga kama watu wa siku zao," anasema. "Nataka atakayekuja baadaye sana atuone na sisi. Aseme, hawa walikuwa hivi."

Casilda, aliyekuwa akisikiliza huku akifagia mchele waliorushiwa siku ya arusi, anainua kichwa.

"Aseme atakavyo. Mradi lisivuje."

Jumatatu Sabela atakwenda machimboni kuchagua jiwe la kwanza.