Koti la Mkwe Chini ya Msonobari

Nilitoka nyumbani kwangu Vällingby, huku Uswidi, kwa sababu ya swali moja ambalo binti yangu aliogopa kuliuliza. Neema na Erik wamekaa pamoja miaka mitatu na sasa wanataka kuoana, lakini baba yake Erik, mzee Göran, hakuwa ametamka neno lolote juu ya jambo hilo. Alikuja kwangu mara mbili. Mara zote mbili alikula pilau yangu, akamaliza sahani, akasema ahsante, akavaa viatu vyake akaenda zake. Kwetu Voi mtu akitaka binti wa watu huja na wazee wake, wakaongea mpaka mate yakauke. Huyu hata habari za nyumbani hakuuliza.

"Mama, mimi sijui kama ananitaka nyumbani kwake," Neema aliniambia jioni moja, kwa Kiswidi, maana mambo yanayomuuma huyasema kwa Kiswidi. Hapo nikakasirika. Mtoto wangu haingii nyumba ya watu kwa kupenya mlangoni kama paka.

Kisha Erik akaja na ujumbe: baba yake anauliza kama ningependa kwenda shambani kwao, kupita mji wa Norrtälje, kuwinda älg. Älg ni mnyama wa misitu yao, mkubwa kuliko pofu, mwenye pembe zilizotanuka kama beleshi. Nikamwuliza Erik kama baba yake ni mzima. Kwetu ukikutwa na nyama pori unalala ndani. Wanaume wachache waliotoka na mbwa alfajiri kutafuta paa walirudi kwa kunyata nyuma ya nyumba. Huku ati mtu anamwalika mkwe.

Wala sikuwa nimesahau mambo ya mwaka uliopita. Msimu kama huo Erik alituletea sanduku la nyama iliyoganda, akasema ni älg, imetoka kwa baba. Neema alikuwa safarini. Nikaitazama ile nyama, nikasema moyoni, kumbe sisi ndio wa kumaliziwa mabaki. Nikampa jirani yangu Mama Bahati, mama wa Bukavu mwenye nyumba iliyojaa watoto, naye akashukuru sana.

"Nitakwenda," nilimwambia Neema, "na nitamwuliza uso kwa uso." Yeye alikuwa na zamu hospitalini mwisho wote wa juma, na nadhani alifurahi kuwa nayo.

Ijumaa mchana Erik alinipitia na gari. Nilikuwa nimebeba chapati, leso mpya ya zawadi, na nimejipulizia manukato kama mtu anayekwenda ukweni. Hatukufika mbali Erik akakunja pua. Akaniambia kwa heshima kwamba älg ananusa kutoka mbali, akateremsha vioo vyote vinne. Safari yote nilipigwa na baridi ya Oktoba, nikitazama misitu ya manjano na vibao vya barabarani vyenye picha ya huyo älg, kama vile vibao vya ndovu kwenye barabara ya Mombasa kule kwetu. Vile vya ndovu nilivielewa. Hivi sikujua vinamwonya dereva au vinamwonya mnyama.

Shambani tulipokelewa kwanza na mbwa. Anaitwa Tyra, wa kijivu, mkia umejikunja juu ya mgongo. Nyuma yake akatokea Göran, mrefu, mzito, akanipa mkono.

"Jaha," alisema. Hilo ni neno lao linalomaanisha chochote unachotaka limaanishe. Akachukua mfuko wangu akaingia ndani.

Sebuleni Tyra alipanda kwenye kochi akajinyoosha, na mimi nikapewa kiti cha mbao. Nikakaa nikimtazama yule mbwa, naye akinitazama, nikijiuliza kati yetu mgeni ni nani. Baada ya supu nikaanza kutoa salamu za ukoo, mmoja mmoja, ili nifike taratibu kwenye swali. Göran alisikiliza hadi nilipofika kwa dada yangu wa Taveta. Kisha akainuka, akatoka nje, akatazama mbingu, akarudi.

"Kesho upepo wa magharibi," alisema, akaenda kulala.

Jumamosi asubuhi wawindaji walikusanyika mbele ya ghala, wamevaa kofia za rangi ya machungwa. Kiongozi wao ni mama anayeitwa Birgitta, jirani wa Göran, mwenye ramani mkononi na sauti ya mwalimu wa gwaride. Alimpangia kila mtu pa kukaa. Alipomaliza niliona si vizuri watu watoke hivi hivi, nikasema kwa sauti, "Mungu awatangulie, nawatakia bahati njema."

Wote wakatazama viatu vyao. Mzee mmoja, Sven, akakuna shingo. Erik akaninong'oneza kwamba mwindaji hatakiwi bahati, kwani ukimtakia unaifukuza. Inatakiwa umtakie mawindo mabaya. Nikauliza, mabaya kiasi gani? Akasema mabaya kabisa, ya mavi. Sasa mimi mama mzima, mwimbaji wa kwaya, ningeanzia wapi? Nikanyamaza, nikajua nimeshaharibu.

Kwenye ukingo wa msitu Göran alimvalisha Tyra kola yenye mtambo wa kuonyesha alipo, kisha akamfungulia. Mbwa akapotea kati ya miti bila kutazama nyuma. Kazi yake, Erik alinieleza, ni kumtafuta älg peke yake, kumsimamisha na kumbwekea, ili mwindaji apate kusogea. Erik akaenda alikopangiwa, na sisi wawili tukapanda jukwaa la mbao, Göran na bunduki yake na simu iliyoonyesha kidoa chekundu kikitembea. Kidoa hicho kilikuwa Tyra.

Hapo nikaona nafasi yangu ndiyo hii. Tuko wawili, hana pa kwenda. Nikasema, "Göran, nina jambo."

Akainua kidole. Nikangoja. Nikakohoa kidogo, akainua kidole tena. Asubuhi yote tulikaa hivyo, bega kwa bega, bila neno. Kwetu ukikaa na mtu hivyo mmegombana. Nilianza kuhesabu makosa yangu: manukato, ile bahati njema, pengine hata chapati. Kisha mbali sana Tyra akabweka, Göran akainama mbele na uso wake ukawaka, ukawa uso wa mtu mwingine kabisa. Kubweka kukasogea, kukavuka kinamasi, kukafifia. Kidoa kwenye simu kikasimama, kisha kikatoweka.

Mchana mbwa hakurudi. Wawindaji wengine walirudi mikono mitupu, hakuna aliyepiga kitu, na hakuna aliyenitazama. Birgitta akanieleza kwamba ng'ambo ya kinamasi kuna barabara kubwa na maji ya baridi, na kwamba Tyra ana umri sasa. Göran alitangulia msituni peke yake, kisha yeye na Erik wakaondoka na gari kumtafuta. Mimi nikaambiwa nirudi nyumbani kwa njia ya miguu, nikaote moto.

Njiani, pale pale Tyra alipofunguliwa, niliona koti la Göran chini ya msonobari, limetandazwa kwenye majani yaliyolowa. Mvua ilikuwa inaanza. Nikasikitika. Mzee wa watu amechanganyikiwa na mbwa wake mpaka ameangusha koti. Nikaliokota, nikalikung'uta, nikalibeba kifuani. Nyumbani nikalianika karibu na jiko, nikalipangusa matope. Kifungo kimoja kilikuwa kimelegea, nikakishona. Nilijiambia, hapa angalau nimefanya kitu kinachoeleweka katika nchi yoyote.

Walirudi kabla jua halijazama. Göran aliliona koti juu ya kiti, akasimama mlangoni. Erik akawa mweupe kuliko alivyozaliwa.

"Umelitoa wapi?" akaniuliza.

"Msituni. Lilikuwa linalowa."

Erik akavuta pumzi, akaniambia polepole. Mbwa akipotea, mwenyewe huacha koti lake pale alipomfungulia. Mbwa akichoka hurudi pale pale, ananusa, analala juu yake, anajua atafuatwa. Asipokuta kitu huendelea kutafuta.

Nikaona ndoa ya mwanangu imeachwa kule kwenye majani, inalowa. Göran akalichukua koti, akaligeuza, akagusa kile kifungo kwa kidole gumba.

"Kimekaza," alisema. Akageuka kuelekea mlangoni.

"Nakwenda nawe," nilimwambia, na sikungoja jibu.

Tulifika pale msonobarini mwanga ukiwa umebaki kidogo. Nililitandika koti mwenyewe, kwa mikono yangu, kama ninavyotandika kitanda cha mgeni. Göran alipiga mbinja mara kadhaa, msitu haukujibu. Sikuweza kuvumilia tena. Nilijua si wakati wake, lakini nikamgeukia.

"Göran, nisamehe kwa koti. Lakini niambie. Mwanangu Neema, unamtaka nyumbani kwako au humtaki?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yana unyevu. "Kwanza mbwa," alisema.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliyageuza maneno hayo mawili kila upande. Ni ndiyo inayosubiri, au ni hapana yenye adabu? Na mbwa akifa je? Nilimwombea Tyra kwa jina. Sijawahi kumwombea mbwa maishani, na nilikuwa makini nisimtakie bahati.

Jumapili alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Tulikwenda wawili, bila kuongea, na safari hii kimya hakikunikera, maana wote wawili tulikuwa tunaogopa kitu kimoja. Nilimwona mimi kwanza. Rundo la kijivu juu ya koti, mkia umefunika pua. Masikio yakainuka.

Göran akapiga magoti. Akaanza kuongea. Mtu niliyemsikia akisema maneno ya kuhesabika tangu Ijumaa alimwambia yule mbwa hadithi nzima, walikopita wakimtafuta, alivyohofia agongwe barabarani, alivyo mpumbavu na alivyo mzuri. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Tyra alikuwa amechanika mguu wa mbele. Nikaitoa ile leso ya zawadi mfukoni, nikaufunga.

"Itachafuka," alisema Göran.

"Ni yako. Ichafue upendavyo."

Akambeba Tyra mpaka nyumbani, nami nikabeba koti.

Mchana walikusanyika tena ghalani, kugawana nyama ya älg aliyepigwa juma lililotangulia, iliyokuwa imening'inizwa kwenye chumba cha baridi. Hapo nikaona jambo ambalo sitalisahau. Nyama ilikatwa ikawekwa mafungu sawasawa juu ya meza ndefu, mifupa kwa mifupa, steki kwa steki. Göran, kwa kuwa ndiye mkubwa wao kwa umri, akasimama mwisho wa ghala ameupa ukuta uso na sisi mgongo. Birgitta akagusa fungu moja.

"Hili la nani?"

"La Sven," Göran akauambia ukuta.

Akagusa jingine. "Hili?"

"La Birgitta."

Nikaelewa. Haoni fungu lipi linaguswa, kwa hiyo hawezi kumpendelea mtu, na hakuna wa kunung'unika. Lilikuja la Erik, la Göran mwenyewe, na la Tyra, kwa kuwa mbwa naye ni mwindaji. Likabaki fungu moja mwishoni mwa meza. Nikamtafuta mwenyewe kwa macho. Kila mtu alikuwa ameshaitwa.

"Hili la nani?"

"La Neema."

Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi. Sven alikuwa ameshaanza kupakia lake. Nikamshika Birgitta mkono. "Neema hajawinda. Hajawahi hata kufika msituni."

"Fungu ni la mwindaji na mtu wa nyumba ya mwindaji," alinijibu. "Göran alituambia mwaka jana kwamba nyumba yake imeongezeka mtu. Tangu hapo tunampangia."

Mwaka jana. Nikaliona lile sanduku mikononi mwa Mama Bahati. Göran alikuwa ameshageuka kutoka ukutani, amesimama mbele yangu, anakunja mikono ya shati.

"Mwaka jana sikusikia chochote kutoka kwenu," alisema. "Nikadhani hamkupenda." Akatafuta maneno. "Nikaja kwako kula, mara mbili. Hukusema kitu kuhusu nyama."

Kumbe wakati namngoja aseme, naye alikuwa ananingoja. Ningeweza kumdanganya kwamba ilikuwa tamu. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuionja, niliigawa kwa jirani.

"Jaha," alisema. Akafikiri. "Jirani alipenda?"

"Watoto wake waligombania mifupa."

Akacheka, mabega yakamtikisika, mpaka Tyra akabweka kutoka kwenye mkeka wake na ile leso mguuni.

Jioni Erik alinirudisha, vioo vimefungwa safari hii, sanduku la nyama magotini pangu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nikiyasema hayo maisha yangu yote bila kukisikiliza kimya chenyewe. Mpaka leo sijui kwa nini mbwa analala kwenye kochi. Lakini nimejua kwamba kuna watu ambao hawatakuja kwako na wazee na maneno. Watageukia ukuta, watamtaja mtoto wako kati ya watu wao, kisha watadhani umesikia.

Neema alikuwa kwangu akinisubiri, akafungua mlango kabla sijabisha. Alikuwa bado amevaa nguo za kazini.

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Akasema nini?"

Nikaliweka sanduku mezani, nikavua koti, nikakaa.

"Alijibu mwaka jana, mwanangu. Jibu nikampa Mama Bahati."